Neno Lile Lile, Maana Nyingine: Maneno ya Kawaida ya Kiingereza na Mahali Yanaposemwa

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma kitabu cha Kiingereza huwa na kamusi mkononi, lakini huifungua kwa ajili ya maneno asiyoyajua tu. Neno refu la kitaalamu humsimamisha. Hulitafuta, akaliandika pembeni, kisha akaendelea. Neno fupi alilojifunza katika mwaka wa kwanza wa masomo halimsimamishi. Hulipita kama mtu apitavyo mlango wa nyumba yake. Hapo ndipo makosa mazito ya tafsiri huzaliwa, kwa kuwa maneno ya kawaida hubadili maana kutoka nchi moja hadi nyingine pasipo kubadili sura.

Kiingereza husemwa Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, India, Naijeria, Afrika Kusini, Zambia, Kenya na kwingineko, na kila mahali kimeishi maisha yake. Tofauti za matamshi husikika mara moja. Tofauti za tahajia huonekana kwa macho. Tofauti ya maana haisikiki wala haionekani: wasemaji wawili hutamka neno moja, wakaliandika namna moja, na kila mmoja akafikiri jambo lake. Kwa msomaji wa Kongo, ambaye aghalabu hukipokea Kiingereza kwa njia ya Kifaransa na kukipeleka katika Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hizo kwa mifano, kuonyesha zilikotoka, na kupendekeza namna mfasiri anavyoweza kujilinda nazo.

2. Hoja iliyowekwa mezani

Mfano mashuhuri unatokana na Vita vya Pili vya Dunia. Winston Churchill, katika jopo la vitabu vyake kuhusu vita hivyo, anasimulia mabishano yaliyozuka baina ya wakuu wa majeshi ya Uingereza na wenzao wa Marekani. Waingereza walikuwa wametayarisha karatasi waliyotaka ijadiliwe kwa haraka, wakasema wanataka "to table" karatasi hiyo. Wamarekani wakakataa. Mabishano yaliendelea kwa muda mrefu, tena kwa maneno makali, kabla ya pande zote mbili kugundua kwamba zilikuwa zinataka jambo moja.

Chanzo chake kilikuwa kitenzi kimoja. Katika Bunge la Uingereza, kuiweka hoja mezani ni kuileta mbele ya wajumbe ili ijadiliwe. Katika mabaraza ya Marekani, kuiweka hoja mezani ni kuiacha hapo, yaani kuiahirisha, pengine isirudi tena. Meza ni ile ile. Mwingereza huitazama kama mahali pa kuanzia kazi, na Mmarekani kama mahali pa kuachia kazi. Ifahamike kwamba watu hao hawakuwa wageni wa lugha. Ilikuwa lugha yao ya kuzaliwa, na kwa sababu hiyo hasa hakuna aliyefikiri kuuliza maana ya neno. Mgeni huuliza, mwenyeji hudhani.

3. Nafaka na chakula

Neno "corn" ni miongoni mwa maneno ya kwanza katika vitabu vya kufundishia Kiingereza, na mwanafunzi huambiwa kwamba maana yake ni mahindi. Kwa Kiingereza cha Marekani hilo ni kweli. Lakini kwa Kiingereza cha zamani cha Uingereza, "corn" ni nafaka kwa jumla, hasa ile iliyo kuu katika nchi husika. Huko Uingereza mara nyingi ilikuwa ngano. Wahamiaji wa Kiingereza walipofika Amerika walikuta wenyeji wakilima mahindi, wakayaita "Indian corn", yaani nafaka ya Wahindi wa Amerika. Baadaye sehemu ya kwanza ya jina ikaanguka, ikabaki "corn" peke yake.

Mwanafunzi wa historia asiyelijua hilo huweza kutafsiri "Corn Laws", sheria zilizowekwa Uingereza mwaka 1815 na kufutwa mwaka 1846, kuwa "Sheria za Mahindi". Kwa kosa hilo moja hoja yote hupotea. Sheria hizo zilizuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, zikawanufaisha wenye mashamba makubwa na kuwaumiza wafanyakazi wa mijini walioishi kwa mkate. Hali kadhalika, msomaji wa Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 hukuta "corn" mara nyingi katika nchi ya Palestina. Haiwezekani yawe mahindi, kwa kuwa mmea huo ulivuka bahari kutoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Wala haitoshi kusema kwamba Mwingereza humaanisha ngano na Mmarekani humaanisha mahindi. Mwingereza wa leo naye husema "popcorn", na humaanisha mahindi kama Mmarekani. Tena, "cornflour" inayouzwa katika maduka ya London ni wanga mweupe wa mahindi, laini kama poda, unaotumiwa kuzitia mchuzi na rojo uzito. Wamarekani huuita wanga huo "cornstarch", na kwao "corn flour" ni unga wenyewe wa mahindi. Mkongomani aliyezoea bukari, akinunua kifurushi hicho cha London kwa kufuata maana ya Marekani, atachemsha maji, atakoroga, na mwishoni atapata gundi badala ya chakula.

4. Vipimo na hesabu

Tarakimu huonekana kuwa kitu kisichobishaniwa, lakini nayo huvaa maneno, na maneno hubadilika. Jambo hili linawagusa hasa wasomi wa Katanga, ambako historia ya nchi imefungamana na tani za shaba. Kwa Mmarekani, "ton" ni ratili 2,000, yaani kilo 907 hivi. Kwa Mwingereza wa zamani ni ratili 2,240, yaani kilo 1,016 hivi. Tani ya Kifaransa na ya Kiswahili cha Kongo ni kilo 1,000. Kwa hiyo tani 100,000 za shaba katika taarifa ya Kimarekani iliyofuata kipimo hicho ni tani 90,718 za kawaida. Na tani 100,000 katika taarifa ya zamani ya Kiingereza ni tani 101,605. Mtafiti anayelinganisha migodi ya Katanga na ile ya Zambia kwa kutumia vitabu vya aina zote mbili, akiandika "tani" kila mahali, huweza kugundua ongezeko la uzalishaji ambalo halijapata kutokea.

Galoni nayo ni hivyo hivyo. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Sababu yake ni ya kihistoria: Wamarekani walibaki na galoni ya divai iliyowekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1707, ilhali Waingereza wenyewe waliibadili mwaka 1824. Ndiyo maana pipa la chuma la mafuta, lile lenye lita 200 hivi linaloonekana katika kila soko la Afrika, huitwa la galoni 44 katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na la galoni 55 kwa Wamarekani. Pipa halikuongezeka.

Lakini neno la hatari kuliko yote ni "billion". Kwa Wamarekani limekuwa milioni elfu moja tangu zamani. Kwa Waingereza lilikuwa milioni mara milioni, hadi serikali yao ilipotangaza mwaka 1974 kwamba itafuata hesabu ya Kimarekani katika takwimu zake. Kifaransa kimeshika njia nyingine: milioni elfu moja ni "milliard", na "billion" ni milioni mara milioni, kama ilivyothibitishwa kwa amri ya serikali ya Ufaransa mwaka 1961. Hivyo, neno linaloandikwa kwa herufi zile zile katika Kiingereza cha leo na katika Kifaransa hutofautiana mara elfu moja.

Hatari hiyo imeingia hata ndani ya Kiswahili. Mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi husema "bilioni" kwa kufuata Kiingereza, naye humaanisha milioni elfu moja. Msemaji wa Kongo husema "miliari" kwa kufuata Kifaransa, na akisikia "bilioni" huweza kudhani kwamba ni kiasi kikubwa zaidi mara elfu. Nchi iliyopata kutumia noti ya zaire milioni 5, na ambayo mwezi wa Oktoba 1993 ilibadili zaire milioni 3 za zamani kwa zaire mpya moja, inafahamu vema kwamba sifuri si pambo la karatasi. Bajeti, deni la nchi au msaada unaotafsiriwa kwa neno lisilo lake huwapa wananchi habari ya uongo, ingawa mfasiri hakukusudia kusema uongo.

5. Shule, daktari na ghorofa

Maneno mengine hutofautiana kwa sababu nchi zenyewe zimepangwa kwa namna tofauti. Mmarekani akisema "public school" anataja shule ya serikali, isiyotoza ada, iliyo wazi kwa watoto wa mtaa. Mwingereza wa England akisema "public school" anataja shule ya kibinafsi yenye ada kubwa, kama vile Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440, au Harrow. Jina hilo halikutolewa kwa dhihaka. Zamani lilitofautisha shule iliyopokea wanafunzi kutoka popote na mafunzo yaliyotolewa nyumbani kwa mwalimu wa familia, au shule iliyowekewa watu wa mahali pamoja tu. Uwazi wake ulikuwa wa mahali. Hakuna aliyesema kwamba ulikuwa wa mfuko. Huko Uskoti, jirani kabisa, jina hilo hilo hupewa shule za serikali. Anayetafsiri wasifu wa mtu kwa kuandika "alisoma katika shule ya umma" huweza kumgeuza mtoto wa tajiri kuwa mtoto wa maskini.

Neno "surgery" ni jingine. Kila mahali maana yake ni upasuaji. Uingereza, zaidi ya hayo, ni chumba au nyumba ambamo daktari huwaona wagonjwa wake, hata wale wenye mafua tu. Mgonjwa anayeandikiwa barua afike "surgery" siku ya Jumatatu anaitwa kuonana na daktari. Mkalimani akimwambia kwamba ameitwa kupasuliwa, mgonjwa huyo ama atalala kwa hofu, ama hatakwenda kabisa. Kwa kuwa Wakongomani wengi wasemao Kiswahili wamehamia katika nchi za Kiingereza, na mazungumzo yao na madaktari hupitia kwa wakalimani, mfano huu si wa darasani tu.

Ghorofa nazo huhesabiwa kwa namna mbili. "First floor" ya Mmarekani ni ile iliyo sawa na ardhi. Ya Mwingereza ni ile iliyo juu yake. Kifaransa huhesabu kama Mwingereza. Basi Mkongomani aliyelelewa katika Kifaransa atafika sawasawa London, na New York atapanda ngazi bure.

Kuna pia maneno ambayo hayatofautiani kwa kitu yanachokitaja, bali kwa uzito au harufu yake. Mhadhiri wa Kiingereza akiandika katika barua ya mapendekezo kwamba kazi ya mwanafunzi ni "quite good", mara nyingi anasema kwamba ni nzuri kiasi, na sifa yake ni ya baridi. Mmarekani akiisoma barua hiyo huweza kuelewa kwamba ni nzuri sana. Vilevile "scheme" kwa Mwingereza ni mpango wa kawaida, hata wa serikali. Kwa Mmarekani neno hilo hunuka hila na njama. Kiswahili cha Tanzania kimelipokea kwa maana ya Kiingereza cha Uingereza: "skimu ya umwagiliaji" ni mradi wa heshima, hauna njama ndani yake.

6. Tofauti hizo zimetoka wapi

Sababu kuu ni nne. Ya kwanza ni utengano. Watu waliovuka bahari katika karne ya 17 walichukua lugha ya siku zile, na pengine wakaihifadhi kuliko waliobaki. Wamarekani huita majira ya majani kupukutika "fall", na Waingereza wengi huliona neno hilo kuwa la Kimarekani. Kumbe lilisemwa Uingereza kwanza, likafa huko, likabaki ng'ambo. Kwa hiyo si kweli kwamba Kiingereza cha Uingereza ndicho cha asili daima na kingine kimeharibika.

Ya pili ni vitu vipya. Gari lilipobuniwa, kila nchi iliziita sehemu zake kwa majina iliyoyachagua. Kifuniko cha injini ni "bonnet" Uingereza na "hood" Marekani. Yote mawili yalikuwa majina ya mavazi ya kichwani. Ya tatu ni taasisi, kama ilivyoonekana katika shule na mabaraza. Ya nne ni ujirani wa lugha nyingine. Mmarekani huita biskuti tamu "cookie", neno lililotoka kwa walowezi wa Kiholanzi, na akisema "biscuit" humaanisha aina ya mkate mdogo laini. Ilipofika mwaka 1828, Noah Webster alichapisha kamusi kubwa ya Kiingereza cha Marekani, na tofauti hizo zikapata hati yake.

7. Kiingereza cha Afrika

Lingekuwa kosa kudhani kwamba jambo hili ni la Uingereza na Marekani tu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayevuka Kasumbalesa kwenda Zambia, na kuendelea hadi Johannesburg, hukutana na Kiingereza kingine. Akiambiwa apinde kushoto kwenye "robot", asitafute mashine yenye mikono. Huko Afrika Kusini neno hilo ni taa za kuongozea magari, na lilitokana na kufupisha "robot policeman", yaani polisi wa mashine. Neno lenyewe lilienezwa na Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, kwa tamthilia yake ya mwaka 1920, nalo lilitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Ajabu ni kwamba mwaka 2013 mashine zenye umbo la mtu ziliwekwa katika njia panda za Kinshasa ili kuongoza magari. Maana ya Afrika Kusini na maana ya dunia nzima zikakutana katika njia panda moja.

Mfanyabiashara huyo akiahidiwa huko Johannesburg kwamba mtu atakuja "just now", asisimame mlangoni. Kwa Mwingereza maneno hayo ni sasa hivi, au punde tu iliyopita. Kwa Mwafrika Kusini ni baadaye kidogo, kwa kufuata Kiafrikana, na baadaye hiyo haina kipimo.

Lugha za Kiafrika nazo zimekitia Kiingereza maana zake. Katika Afrika ya Mashariki na ya Magharibi, mtu akijikwaa, aliye karibu humwambia "sorry", hata kama hakumgusa. Mwingereza au Mmarekani hushangaa: mbona anaomba radhi asiyekosa? Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Hiyo ni "pole" iliyovaa nguo za Kiingereza, kama ilivyo kwa Myoruba mwenye neno lake "pẹlẹ" la kutuliza aliyepatwa na jambo. Walioona hapo kosa la sarufi hawakuona utu uliokuwa ukitafuta neno la kupitia.

8. Kiswahili nacho

Somo hili linamrudia msemaji wa Kiswahili mlangoni pake. "Hoteli" kwa Mtanzania au Mkenya mara nyingi ni mahali pa kula, hata kibanda cha chai na maandazi. Matumizi kama hayo yamo pia katika Kiingereza cha India. Kwa Mkongomani aliyelipokea neno kutoka Kifaransa, hoteli ni mahali pa kulala. "Jimbo" kwa Mkongomani ni sehemu kubwa ya nchi yenye gavana, kama lilivyokuwa jimbo la Katanga hadi lilipogawanywa mwaka 2015. Kwa Mtanzania wa leo jimbo ni eneo la kumchagulia mbunge, na sehemu kubwa ya nchi huitwa mkoa. Anayewacheka Mwingereza na Mmarekani kwa kugombana juu ya meza, na akumbuke kwamba wasemaji wawili wa Kiswahili huweza kuagana wakutane hotelini, mmoja akaja na njaa na mwingine na sanduku.

9. Hitimisho

Mfasiri, mkalimani na mwalimu wanaweza kujilinda kwa maswali matatu. Kwanza, nani anasema, na yuko wapi? Kabla ya kuuliza neno lina maana gani, inafaa kuuliza limetoka katika kinywa cha nchi ipi. Pili, limesemwa lini? Maana ya "billion" kabla ya mwaka 1974 na baada yake si moja hata katika London ile ile. Tatu, je, maana iliyochukuliwa inapatana na mambo yanayoizunguka? Mahindi katika Palestina ya kale, au mtoto wa mtawala katika shule isiyo na ada, ni ishara ya kusimama. Panapokuwa na vipimo na fedha, ni wajibu kuandika kiasi chenyewe kwa tarakimu au kwa kilo na lita, ili msomaji asiachwe na jina tupu.

Kwa walimu wa Kiingereza katika vyuo vya Kongo, linabaki jambo moja. Mwanafunzi asifundishwe kwamba maana moja ni halali na nyingine ni kosa. Afundishwe kwamba kila maana ina kwao, na kwamba kamusi nzuri humwonyesha neno linakaa wapi pamoja na maana yake. Neno gumu hujitangaza lenyewe. Neno jepesi ndilo la kuulizwa anwani.